Mpira wa Sitini na Moja

Kila Virgilio Paniagua akijilaza baada ya chakula cha mchana, anapaa. Si kuruka kule kwa kawaida, kwa kupanda na kutua. Yeye huruka na ardhi ikamsahau. Mgongo wake unasugua mbao za ukuta, mkono wa kushoto umenyooka juu hadi bega linamlilia, na huko juu, kwenye giza ambalo hata pua yako huioni, kitu kinamwangukia kiganjani. Pah! Hapo anabaki ananing'inia, hapandi wala hashuki, na katika ndoto nzima hakuna hata mtu mmoja wa kumwona. Kisha mkewe Fiordaliza anaangusha sufuria jikoni, naye anajikuta kitandani, mkono wa kushoto uko hewani kama mwanafunzi anayeomba ruhusa ya kwenda chooni.

"Umeanza tena," Fiordaliza humwambia. "Siku moja utaing'oa hiyo feni ya dari, halafu tuone utalala vipi na joto hili."

Yeye hucheka, akageukia ukutani. Ukutani kuna msumari, na kwenye msumari kuna glavu yake ya zamani, imefumbata mpira mmoja uliochakaa. Kila mchezaji wa besiboli hutundika glavu yake hivyo, na mpira ndani, ili ngozi isipoteze umbo. Ndiyo maana katika miaka yote hiyo hakuna mgeni aliyewahi kuuliza.

Shida ni kwamba ile si ndoto tu. Ilitokea kweli, tena ilitokea mbele ya uwanja uliofurika, na hakuna aliyeiona.

Ngojeni niiweke sawa, maana ukiwaachia watu wa Villa Caoba wakusimulie wenyewe, utatoka hapo kichwa kinakuuma. Villa Caoba ni mji wa miwa. Una kiwanda cha sukari, una kanisa, na una Wakatamiwa, timu ya kulipwa inayocheza kila mwaka miwa ikianza kukomaa hadi baada ya Krismasi. Mtoto wa mji huu hujua historia ya Wakatamiwa kabla hajaijua sala ya Baba Yetu. Mwamshe usingizini umuulize nani amevusha mipira mingi zaidi, atakujibu macho yamefumba. Kuvusha ni kuupiga mpira kwa gongo hadi upite juu ya ukuta wa nyuma ya uwanja, wewe ukazunguka vituo vyote vinne bila haraka, kama mtu anayekagua shamba lake. Marehemu Chichí Lebrón, enzi za kina babu, alivusha mara sitini. Baadaye akaja Eleuterio Mañón, ambaye watu wote humwita Tello, naye akavusha mara sitini. Sitini kwa sitini. Hapo ndipo palipobaki kitendawili.

Jioni ya kitendawili hicho, Wakatamiwa walikuwa wanacheza na watani wao, Majogoo wa Puerto Hondo. Jua lilikuwa limekwisha kuzama, taa za uwanja zimewashwa, na mbinguni kulibaki uwekundu kidogo tu. Tello alishika gongo. Kule nyuma kabisa, katikati, alisimama mlinzi wa Majogoo, kijana mwembamba mwenye miguu ya swala, na huyo ndiye Virgilio. Mrushaji akarusha. Tello akapiga. Gongo lililia kama mlango wa kanisa unaofungwa kwa kishindo, mpira ukapaa, ukapaa, na umeme ukakatika.

Umeme wa Villa Caoba hauna adabu, haubishi hodi wala hauagi. Ukikatika ghafla vile, watu hunyamaza kwa pumzi moja kabla ya kuanza kutukana. Katika pumzi hiyo moja Virgilio alikuwa anakimbia kinyumenyume gizani. Alisikia majani chini ya viatu vyake yakigeuka changarawe, akajua ukuta umefika. Mpira aliuona mara moja tu, kitone cheusi kwenye wekundu wa mwisho, kisha hakuona kitu tena. Akaruka. Mkono ukapita juu ya ukuta hadi kwapani, na mpira, ambao ulikuwa umekwisha kutoka uwanjani, akaurudisha ndani.

Akaanguka chini, akakaa pale kwenye changarawe na mpira kwenye glavu, hana hata mtu wa kumwambia.

Uwanja mzima tayari ulikuwa unaimba: "Umetoka! Umetoka!" Mwamuzi naye alikuwa anapiga kelele kwamba taa zikizimika mpira ukiwa hewani, pigo limefutwa, hesabu ni kama halikupigwa. Watu wakawasha viberiti. Mwamuzi akafika huku nyuma, akauliza mpira uko wapi. Virgilio alikuwa ameshautia ndani ya jezi.

"Sijui, bwana mkubwa. Giza."

Mbona alisema hivyo? Kwa sababu kama pigo limefutwa, na udakaji wake umefutwa pia. Walikuwa wamemnyang'anya kitu kizuri kuliko vyote alivyowahi kufanya kwa mikono yake, basi angalau akauiba mpira wenyewe. Taa ziliporudi, Tello alipiga tena akakosa. Juma lililofuata goti lake likavunjika, na hakushika gongo tena.

Tangu siku hiyo, hakuna mtu wa Villa Caoba ambaye hakuuona mpira ukitua. Mwenye bucha anaapa uliangukia uani kwake ukaua jogoo, na kwa kuwa wapinzani walikuwa Majogoo, huwezi kumtoa hapo. Mwalimu mmoja mstaafu anasema ulivunja kioo cha gari la padri. Wengine, na hawa ndio wengi, wanasema uliangukia behewa la miwa lililokuwa linapita nyuma ya uwanja, ukaenda nalo hadi kiwandani, ukasagwa, na kwamba sukari ya mwaka ule ilikuwa na utamu wa ajabu. Vitabu vya ligi vinasema sitini. Mtaani wanasema sitini na moja, tena kwa ukali.

Naye Virgilio? Dunia hii bwana! Miaka miwili baadaye Majogoo walimuuza kwa Wakatamiwa. Akaja, akapanga chumba, akamwona binti mmoja anayecheka na kichwa kimeinamia upande, akamwoa. Binti huyo ni Fiordaliza Mañón, dada yake Tello wa tumbo moja.

Kwa hiyo, alasiri zote za maisha yao, wanaume hawa wawili hukaa mbele ya duka la kona, meza ya domino katikati yao, redio ikinong'ona ngoma. Na kila alasiri, akishapanga vipande vyake, Tello huuliza:

"Shemeji, ulitoka au haukutoka?"

"Shemeji, kulikuwa na giza."

"Giza! Wewe ulikuwa pale pale!"

"Hata kipofu huwa pale pale."

Watu mezani hucheka, kahawa inaletwa, mchezo unaendelea. Imekuwa kama salamu. Wageni hudhani ni utani tu wa mashemeji, na kwa kweli ni utani. Lakini Virgilio kila akijibu, kitu kinamchoma chini ya mbavu. Mwanzoni alinyamaza kwa uchoyo wa mpira wake. Baadaye alinyamaza kwa kumpenda Tello. Utamwambiaje shemeji yako, aliyekubeba begani siku ya harusi yako, kwamba ule mpira anaousimulia kila Krismasi uko chumbani kwa dada yake, kwenye msumari?

Mambo yangeendelea hivyo hadi kaburini kama asingetokea injinia Osiris Matos. Huyu ndiye mwenyekiti mpya wa klabu, kijana wa viatu vinavyong'aa, lakini si mtu mbaya. Wakatamiwa walikuwa wanatimiza miaka sabini na tano, akaamua historia yote ya timu ichorwe kwa rangi kwenye ukuta wa nyuma wa uwanja: mataji, majina, rekodi. Mchoraji alikuwa ameshaanza upande wa kushoto. Alipofika kwa wavushaji, akakwama. Injinia akaja dukani yeye mwenyewe, akavuta kiti.

"Wazee wangu, vitabu ni vya ligi," akasema. "Lakini ukuta ni wetu. Mzee Virgilio, aliyekuwa kule nyuma usiku ule ni wewe peke yako. Jumamosi, kabla ya mechi, utasimama kwenye kipaza sauti mbele ya watu useme ulichokiona. Ukisema ulitoka, tunaandika Mañón sitini na moja, jina moja peke yake juu. Ukisema haukutoka, tunaandika Lebrón na Mañón, sitini sitini. Neno lako ndilo litakalochorwa."

Muuza duka akapunguza redio. Virgilio akaangalia vipande vyake vya domino kana kwamba vimeandikwa Kichina.

"Na uje na ile glavu yako, shemeji," Tello akasema polepole. "Wakupige picha, angalau ufanane na mchezaji."

"Nilifanana na mchezaji kabla goti lako halijazaliwa."

"Goti langu liache. Cheza, zamu yako."

Nyumbani hakula. Fiordaliza alimwekea ndizi za kuponda na salami ya kukaanga, chakula ambacho mtu huyu hukifuata hata akiwa na homa, naye akakizungusha tu kwenye sahani.

"Ni ile habari ya Jumamosi?" mkewe akauliza.

"Hiyo hiyo."

"Sema ulitoka. Unapoteza nini? Kaka yangu hana mke, hana mtoto, goti limekufa. Ana huo mpira mmoja tu wa kumweka mjini."

"Na kama haukutoka?"

Fiordaliza akainamisha kichwa upande, lakini safari hii hakucheka. "Kwani ulitoka?"

Angeweza kumwambia. Mdomo ulishafunguka. Halafu akaona jinsi anavyomtazama, akaona na uso wa kaka yake ndani ya uso wake, pua ile ile, akaufunga mdomo.

"Kulikuwa na giza, mama," akasema.

Mchana wa Jumamosi alipojilaza, ndoto ilikuja ikiwa na jambo jipya. Aliruka, akaning'inia, mpira ukaingia, pah, na safari hii akatazama chini. Viti vyote vya uwanja vilikuwa vimejaa, kina babu wote wa Villa Caoba wapo, Chichí Lebrón marehemu yupo na kofia yake, na wote wamempa mgongo. Akaita. Hakuna aliyegeuka. Alipoamka mto ulikuwa umelowa, na hakuwa na haja ya kujidanganya kwamba ni jasho. Alikuwa mzee, angekufa, na angekufa bila mtu yeyote kujua. Alijionea huruma, akajionea na aibu kwa kujionea huruma. Kisha akainuka, akatungua glavu msumarini na mpira wake ndani, akavaa shati jeupe. Njiani alikata shauri. Sitini na moja. Basi, yaishe.

Uwanja ulifurika. Bendi inapiga, watu wanapepea mataulo, harufu ya kuku wa kukaanga imetanda, na huko nyuma ukuta unameta rangi mbichi, kijani na nyeupe, na nafasi moja tupu katikati. Jua lilikuwa linazama. Injinia Osiris akasema maneno mengi, kisha akawaita wazee wawili katikati ya uwanja, Tello na fimbo yake, Virgilio na glavu yake kwapani.

"Mzee Virgilio! Ule mpira, ulitoka au haukutoka?"

Watu wote wakaimba swali, maana wote walilijua: "Shemeji, ulitoka au haukutoka?"

Virgilio akasogelea kipaza sauti. Akamtazama Tello, akavuta pumzi, na alipofungua mdomo, umeme ukakatika.

Taa zikafa, bendi ikakatika katikati, kipaza sauti kikawa chuma tupu. Neno lilikuwa limeshatoka, lakini halikufika hata kwenye viti vya mbele. Alilisikia mtu mmoja tu, aliyekuwa amesimama naye.

"Ulitoka," Virgilio alikuwa amesema.

Watu walivuta ile pumzi yao moja, kisha matusi yakaanza, na miluzi, na vicheko. Katikati ya kelele hizo Tello akamshika mkono.

"Muongo mkubwa we."

"Nini?"

"Muongo. Mzee mzima na mvi zako, unadanganya mbele ya umma."

"Tello, nimesema ulitoka! Wewe si ndicho unachokitaka?"

"Nani kakwambia nakitaka?" Tello alikuwa anatetemeka, sijui kwa hasira, sijui kwa kicheko. "Siku ile taa zilipozimika nilikuwa nakimbilia kituo cha kwanza. Watu walinyamaza kidogo, kama sasa hivi. Na mimi nikasikia ngozi. Pah! Kule nyuma. Maisha yangu yote nimeishi na gongo na glavu, Virgilio. Unadhani siijui sauti ya mpira ukidakwa?"

Virgilio akaikaza glavu kwapani.

"Ulijua," akasema. "Tangu siku ile."

"Tangu siku ile."

"Sasa kila siku ulikuwa unaniuliza ya nini? Miaka yote hii unanichoma tu!"

"Nilikuwa nakufungulia mlango, mpumbavu wewe!" Tello akalia wazi sasa, machozi yanashuka hata hajali. "Kila siku nakufungulia, nasema leo ataingia, leo atajisifu, leo atanitukana mbele ya watu kama mwanamume. Wewe giza, giza. Ningesema mimi, watu wangesema ninakuonea huruma. Ilibidi useme wewe."

"Ungepoteza rekodi yako."

"Nina sitini. Sitini ni chache? Wewe una moja tu, na hiyo moja umeitundika msumarini. Nikija kula kwa dada yangu, mlango wa chumba uko wazi, naiona. Chakula hakishuki."

Basi huyo Virgilio, mtu ambaye hakulia hata alipomzika mama yake, alisimama katikati ya uwanja akalia kama mtoto aliyepotezwa sokoni akaonekana.

Umeme haukurudi. Jenereta la klabu lilikohoa mara mbili likanyamaza. Uwekundu ulibaki kidogo mbinguni, ule ule. Tello akatwaa glavu, akamvika shemeji yake mkono wa kushoto, akahakikisha mpira uko ndani, akamshika kiwiko. "Twende."

"Wapi?"

"Kazini kwako."

Wakaanza kutembea kuelekea ukuta wa nyuma, mmoja na fimbo, mwingine na glavu, polepole, juu ya majani yaliyoanza kupata umande. Miluzi ikapungua. Watu wakaulizana, "Wanakwenda wapi hawa?" Kadiri walivyokwenda mbali ndivyo uwanja ulivyozidi kutulia, hadi kukawa kama ndoto ya Virgilio, ila safari hii hakuna aliyempa mgongo. Miguu yake ilisikia majani yakigeuka changarawe. Ngazi ya mchoraji ilikuwa bado imeegemea pale kwenye nafasi tupu.

"Panda," Tello akasema.

"Nina miaka mingapi mimi?"

"Panda, naishika."

Akapanda vidato vitatu, akageuza mgongo akauegemeza ukutani, rangi mbichi ikamshika shati. Akanyoosha mkono wa kushoto hadi bega likalia, akaupitisha juu ya ukuta, nje kabisa, kisha akaurudisha ndani taratibu, na ndani ya glavu mpira uliochakaa ukaonekana kwenye mwanga wa mwisho. Chini, Tello alitupa fimbo, akanyoosha kidole gumba juu kama afanyavyo mwamuzi anapomtoa mpigaji. Alijitoa mwenyewe.

Watu wa Villa Caoba wana kasoro nyingi, lakini besiboli hawafundishwi. Kwanza alisimama mwenye bucha wa jogoo. Halafu upande wote wa kushoto. Halafu kishindo kikaanguka uwanjani, mtu hawezi kusema ni furaha au ni kilio, wanapiga mbao, wanapiga vyuma, wanaita jina ambalo hawakuwahi kuliita: "Virgilio! Virgilio!" Fiordaliza alikuwa kwenye viti vya kati, mikono kichwani, anasema "Msumarini, Mungu wangu, msumarini," na jirani yake hamwelewi hata kidogo. Virgilio alibaki juu ya ngazi, mkono hewani. Mara hii hakutaka kuamka.

Ukuta uliandikwa Lebrón na Mañón, sitini sitini. Juu yake, pale mgongo wa Virgilio ulipofuta rangi, injinia alitaka pasawazishwe. Mchoraji alikataa, na mji mzima ukawa upande wake. Alama ya mgongo ipo hadi leo.

Alasiri ya Jumapili walikuwa dukani kama kawaida. Kahawa ikaja, redio ikanong'ona. Tello akapanga vipande vyake, akakohoa.

"Shemeji, ulitoka au haukutoka?"

Meza nzima ikageuza shingo. Virgilio alikitazama kipande alichokishika, akakiweka chini, akainua uso.

"Haukutoka, shemeji. Niliudaka."

Tello akapiga kipande chake mezani hadi vikombe vikaruka.

"Haya," akasema, akifuta macho kwa mgongo wa mkono. "Sasa tusimulie vizuri, tangu mwanzo. Na usije ukaruka kitu."